Begi Jepesi la Kwenda Mabamba

Nilifunga safari hii kwa sababu ya mahari iliyokubaliwa haraka mno. Binti yangu Deodata alikuwa amechumbiwa na kijana anayeitwa Onesmo, fundi wa umeme wa jua hapa Kasulu mjini. Washenga walipokuja nyumbani nilitaja idadi ya ng'ombe niliyoipandisha makusudi, ili tupate pa kubishania. Washenga wakatoka nje, wakapiga simu Mabamba kwa wazazi wa kijana, wakarudi wakasema, "Tumekubali, mzee." Papo hapo! Tangu nizaliwe sijaona watu wa upande wa mume wakikubali neno la kwanza. Nimetunza stoo ya shule karibu maisha yangu yote ya kazi, na mtu aliyepokea mzigo bila kuukagua hakuwahi kunipa amani. Ama hajui, ama anajua kitu ambacho mimi sikijui.

Mama Deodata aliniambia nimshukuru Mungu na nilale. Sikulala. Sokoni mtu mmoja aliwahi kunidokeza kwamba wale wa Mabamba ni watu wa kuja, walivuka kutoka Burundi zamani. Mwingine akasema wana mali isiyoeleweka. Basi nikaamua kwenda kuwaona kwa macho yangu bila kutoa taarifa, tena kwa miguu. Familia hiyo inafanya biashara ya maharage na asali, na barabara yote ya kutoka Kasulu hadi Kibondo ina watu wanaouziana nao. Ukipanda basi unazipita habari zote kwa kasi. Ukitembea unakaa, unapumzika, unauliza.

Nilijiwekea sharti moja: nisile cha mtu wala nisilale ndani ya nyumba ya mtu. Nimeona wengi waliokwenda kukagua, wakachinjiwa kuku, wakasahau walichofuata. Kwa hiyo nyumba yangu, jiko langu na kitanda changu vyote vilitakiwa kukaa mgongoni, na mgongo wenyewe una goti bovu chini yake. Hapo ndipo kazi ya kuchagua vifaa ilipoanza.

Wiki nzima kabla ya kuondoka, nilitundika mizani yangu ya mkono kwenye boriti ya baraza. Ni mizani ndogo ya springi na ndoano, niliyoagwa nayo siku ya kustaafu. Kila kilichotaka kwenda Mabamba kilipita kwenye ndoano hiyo kwanza. Begi langu la zamani la turubai nene lilikuwa zito hata likiwa tupu, nikalikataa. Chupa ya chai ilibaki nyumbani, na chupa mbili tupu za soda zikachukua nafasi yake. Buti nazo zilibaki, maana zikilowa zinakuwa mzigo mwingine miguuni. Nikachagua makobazi ya matairi pamoja na soksi za sufu kwa ajili ya baridi ya asubuhi.

Hema nililolikuta kwenye mitumba lilikuwa zuri, ila vyuma vyake peke yake vilizidi uzito wa chakula changu chote. Nikanunua nailoni nyembamba na chandarua kimoja, na fimbo yangu ya kutembelea ikawa ndiyo nguzo. Godoro nililikata: kipande kutoka mabegani hadi nyongani, miguu ijitegemee. Blanketi lilibaki, nikashona kitenge cha mke wangu na bitana ya koti kuukuu pamoja, nikapata cha kujifunika. Jiko nilitengeneza kwa kopo la maziwa, la kuwashia spiriti. Nilikata mpini wa mswaki, nikakata sabuni, nikakata taulo, na mwisho nikakata mpini wa kijiko, kikabaki kichwa chake na ncha ya kushikia kwa vidole viwili.

"Kata na masikio, yana uzito hayo," alisema mama Deodata.

Nilipochukua mizani yenyewe kuitia kwenye begi, alicheka mpaka akakaa chini. "Umekata mswaki, halafu unabeba chuma?"

"Hiyo ya lazima," nikamwambia. Sikuweza kueleza ni ya lazima kwa nini. Sipendi tu kwenda mahali ambako watu wanapima vitu na mimi sina cha kupimia.

Begi jipya lilishonwa na fundi mmoja Mkongo anayekaa na cherehani yake pembeni mwa soko. Alilishona kwa vitambaa vya miavuli iliyovunjika, vyeusi na vya bluu, mishono miwili miwili. "Papa, saki hii utasahau kama iko kwa mugongo," alisema. Kisha akaligeuza, akaniuliza, "Mufuko wa zawadi niweke wapi?"

"Sibebi zawadi."

Aliacha kukanyaga cherehani akanitazama vizuri. "Mutu anayebeba nyumba yake yote, na hana zawadi hata moja, huyo anakimbia. Papa, weye unakimbia nini?"

Nikamwambia ashone tu. Niliondoka pale nikijiuliza kwa nini fundi wa nguo anataka kujua safari za wateja.

Siku ya kwanza, Kasulu hadi Makere. Niliondoka alfajiri kukiwa na ukungu mabondeni na baridi ya kiangazi inayouma vidole. Begi lilikuwa jepesi kweli, goti halikulalamika mpaka jua lilipopanda. Malori yalipita na vumbi lake jekundu likakaa juu ya migomba na juu yangu. Kando ya barabara kulikuwa na magunia ya maharage na tangawizi yakisubiri magari, na watu walinitazama kuanzia kofia hadi makobazi, wakarudi kwenye begi.

Makere niliketi kwenye kibanda cha dalali mmoja wa maharage, nikajifanya nataka kununua. Baada ya maneno mawili matatu nikamuuliza kama anamfahamu Melkiadi wa Mabamba, maana ndilo jina la baba yake Onesmo.

"Yule? Mtu safi," akasema. "Hata mbegu akikutumia hahitaji kusimamiwa."

"Safi kivipi?"

"Safi tu, mzee. Kwani usafi una namna ngapi?"

Dalali anayemsifu mtu asiye mbele yake si jambo la kawaida. Nikalitia akilini. Jioni niliomba kupiga hema kwenye uwanja wa kanisa, nikala dagaa wangu wa kukaanga na karanga zangu, nikaingia chini ya nailoni. Mlinzi alikuja na tochi akauliza, "Humo ndani kuna nini?"

"Kuna mimi," nikamjibu.

Hakuridhika. Alizunguka hema mara kadhaa, na mimi nikalala nimekumbatia begi.

Daraja la Malagarasi nililifikia siku iliyofuata, goti likiwa limeanza kuvimba. Mbele ya daraja palikuwa na kizuizi, na mgambo mmoja akaniamuru nifungue begi. Alitoa kitu kimoja kimoja akakipanga juu ya benchi. Nailoni ilimtia wasiwasi, jiko la kopo likamtia wasiwasi zaidi, lakini kilichomshinda kabisa ni kijiko.

"Hiki mpini wake uko wapi?"

"Nimeukata kupunguza uzito."

"Uzito wa kijiko?"

"Naam."

"Unakwenda wapi?"

"Mabamba."

"Mpakani. Kwa nani?"

Nilisita, nikasema nakwenda kutazama maharage. Akaona nimesita. Ikabidi nimuulize na mimi, ili nisionekane mnyonge, kama anamjua Melkiadi na kama anajua asili yake. Aliniruhusu kupita, lakini nilipogeuka nyuma nilimwona ameshika simu sikioni huku macho yake yakiwa kwangu. Nikakaza mwendo. Barabara hii iliwahi kuwa na sifa mbaya ya watekaji, na nikawaza kwamba watu wa Melkiadi huenda wana macho hata kwenye kizuizi.

Busunzu nilifika siku ya tatu, alasiri, nikichechemea. Nilichagua mji mmoja uliofagiliwa vizuri, wenye uzio wa miti na mihogo iliyoanikwa kwenye mkeka. Mwenye mji alikuwa mama mrefu, wa makamo, mwenye sauti nzito, aliyeniambia anaitwa Anjelina. Nilivua kofia nikamwamkia Kiha, "Mwakeye," nikamwomba nafasi ya kupiga hema uani.

"Inje?" akashangaa. "Na nyumba iko? Chumba cha wageni kiko wazi, mugeni."

"Nje panatosha, mama. Asante."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko inavyotazamwa sura ya mpita njia. Kisha akaingia ndani akatoka na togwa kwenye kibuyu. Alionja kwanza, kama wenyeji wa kwetu wanavyofanya ili mgeni ajue kinywaji ni salama, akaninyooshea. Nikasema tumbo langu halitaki togwa. Nikawasha jiko langu la kopo mbele yake, nikachemsha maji kwenye kikombe changu. Aliweka kibuyu chini polepole, akarudi kwenye mihogo yake.

Tukiwa hivyo, kila mtu na shughuli yake, nilimuuliza kama anamfahamu Melkiadi wa Mabamba.

Mikono yake ilisimama. "Wa Mabamba ni wengi. Unamutafutia nini?"

"Biashara. Ya maharage."

"Maharage utayatia humo kwenye kamufuko hako?"

"Natazama kwanza. Hivi, wale watu asili yao hasa ni wapi?"

"Asili yao ni hapo walipo," akasema, akanyanyuka akaingia ndani. Alikuwa anajua kitu, hilo lilikuwa wazi kabisa, na alikuwa amekataa kukisema.

Asubuhi, Busunzu. Nilikuwa nimeshakunja hema aliponijia na kikapu kidogo chenye mfuniko, kile kinachosukwa kwa kukazwa mpaka hata maji yanaweza kukaa. "Chukua hiki," akasema. "Utampa mwenye nyumba huko unakofika."

"Mwenye nyumba gani?"

"Utakayemukuta."

"Kuna nini?"

"Unga wa ulezi. Muji wa watu hauingiwi mikono mitupu." Akaniachia kikapu mikononi, akaenda jikoni.

Sasa mtu akikufungia njiani anakufungia viazi vya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, kitu cha kutia mdomoni ukiwa unatembea. Nani humpa msafiri unga mbichi? Tena unga wa kumpelekea mtu asiyetajwa jina, kuelekea mpakani? Nilitoa mizani, nikaning'iniza kikapu. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotegemea kwa umbo lake. Nikafunua mfuniko, nikachukua kile kijiko changu kisicho na mpini, nikakizamisha kwenye unga. Nilichokonoa katikati, nikachokonoa pembeni, mpaka vidole vikagusa chini. Hakukuwa na kitu. Ulikuwa unga tu, uliosagwa laini.

Niliponyanyua uso, Anjelina alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, ameshika viazi vitamu vimefungwa kwenye jani la mgomba, mvuke ukitoka. Hiyo ndiyo ilikuwa ya njiani.

"Natazama kama una wadudu," nikasema.

Nikafunika kikapu, nikamwambia begi langu limeshajaa na goti langu ni bovu, nikakitundika kwenye mti wa uzio wake. Kwa akili ya stoo niliona nimefanya vizuri: kitu ambacho hujakipokea, hakuna atakayekuja kukuuliza habari zake. Niliondoka mwepesi. Viazi alibaki navyo mkononi.

Mchana wa siku hiyo nilipitwa na bodaboda iliyobeba mwanamke aliyejifunika kitenge kichwani kuzuia vumbi, amepakata kitu mapajani. Niliwapisha, nikafuta macho, nikaendelea.

Kibondo mjini niliingia kesho yake, nikiwa na spiriti kidogo iliyobaki. Niliingia kwenye duka la mzee mmoja Mwislamu mwenye lafudhi ya Tanga, nikaomba chupa moja ndogo. Alinipima kwa macho juu ya miwani yake.

"Samahani, bwana. Wewe ndiye mzee wa kijiko?"

"Nani kakuambia?"

"Habari zako zimepita hapa toka jana. Mzee mwenye begi la mwavuli, anauliza asili za watu." Akafunga chupa kwenye gazeti. "Mimi wazee wangu walitoka pwani. Utaniuliza na mimi?"

Nilichukua spiriti nikatoka. Usiku ule nililala kwenye nyumba ya wageni ya kulipia, nikaegemeza kiti mlangoni, na nikawa na uhakika kwamba Melkiadi ana mtandao. Mizani ilikuwa chini ya mto. Nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia Deodata avunje uchumba.

Mabamba nilifika siku iliyofuata, jua likiwa limeanza kushuka upande wa milima ya Burundi. Niliuliza mji wa Melkiadi na nikaelekezwa na watu watatu ambao hawakuniuliza mimi ni nani. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, mizinga ya nyuki imening'inia kwenye miti nyuma yake, uwanja umefagiliwa siku hiyo hiyo. Nilisukuma lango, nikaingia na begi langu mgongoni.

Walikuwa wananisubiri. Melkiadi, mzee mwembamba aliyevaa koti la kanisani, alisimama. Mkewe, mama Onesmo, alisimama nyuma yake. Na kwenye kigoda, kando yao, aliketi Anjelina wa Busunzu, kile kikapu kikiwa mapajani mwake.

Juu ya meza ndogo katikati ya uwanja kulikuwa na karatasi zilizofunikwa kwa plastiki, zimepangwa zikinielekea.

"Karibu, mzee," alisema Melkiadi. "Kabla hujakaa, tazama. Hiki cheti cha uraia cha marehemu baba yangu. Hiki changu. Hiki cha mama Onesmo. Tumesikia barabara nzima unauliza asili yetu, tukaona tusikuchoshe."

Sikuzitazama. Sikuweza. Miaka yote ya stoo nimedai karatasi kwa watu, na siku hiyo niliona aibu mtu kunionyesha karatasi.

"Ulipata ulichokuwa unatafuta?" aliuliza Anjelina, akafunua mfuniko. Unga ulikuwa vilevile, na mashimo ya kijiko changu yalikuwa yanaonekana, moja katikati na mengine pembeni. "Mimi ni dada yake Melkiadi. Nilikutambua ulipovua kofia. Onesmo alinionesha picha yako na mama na Deodata kwenye simu. Nikasema, huyu ni bamwana wetu, anakwenda kwa wakwe mara ya kwanza na hana hata punje mukononi. Nimusaidie asiaibike."

Bamwana ni neno letu la wazazi ambao watoto wao wameoana. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo, na nikalisikia kwa mara ya kwanza katika hali ile.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Kwa nini wewe hukuniambia?"

Nikamgeukia Melkiadi, nikamuuliza lile lililonitoa nyumbani, kwa sababu sasa hapakuwa na cha kuficha: kwa nini alikubali mahari bila kubishana hata kidogo?

Alikaa kwanza. "Bwana, ninyi mkibishana mnabishana mahari tu. Sisi tukibishana, neno la pili tunaulizwa tulitoka wapi. Nilimwambia mwanangu, chochote watakachosema, tukubali. Nitauza mizinga, nitauza shamba la chini. Ili tu lisifike neno la pili." Akakusanya vile vyeti akavifunga kwenye bahasha. "Na limefika."

Mama Onesmo alisema taratibu kwamba Onesmo alikuwa amepiga simu asubuhi. Walimwambia baba wa binti ameacha kikapu kwenye uzio, na kwa hiyo asiendelee kumsumbua mtoto wa watu. Deodata alikuwa pembeni yake akasikia. "Amelia sana," akasema.

Hapo roho iliniuma kwelikweli. Nilikuwa nimetembea kote huko kumlinda mwanangu, na kwa kijiko kimoja nilikuwa nimemvunjia nyumba ambayo haijajengwa. Nilishusha begi, nikalifungua mbele yao, nikaanza kutafuta kitu, chochote, cha kumpa mtu. Nailoni ya mtu mmoja. Nusu godoro. Nusu taulo. Kikombe kimoja. Kisabuni. Mswaki usio na mpini. Nilipekua mpaka chini na sikuona kitu hata kimoja kilichowekwa mle kwa ajili ya mtu mwingine, isipokuwa mizani, nayo niliibeba kwa kuwashuku wao. Nikabaki nimepiga magoti, vitu vyangu vimetawanyika, sijui pa kuanzia.

"Nisameheni," nikasema. "Sina cha kuwapa, na nimekosa."

Anjelina alinyanyuka. Alichukua unga kwa kiganja chake, akausawazisha mpaka yale mashimo yakafutika, akafunika, akaniwekea kikapu mikononi.

"Toka inje," akasema. "Uingie tena."

Nilitoka. Nililiegemeza begi kwenye uzio, nje ya lango, wazi barabarani, na nakiri nililitazama mara mbili. Kisha nikashika kikapu kwa mikono yote miwili, nikasimama mbele ya lango lililofungwa.

"Hodi."

Kuku alipita. Nilihisi watu wa majirani wananitazama, na kwa mara ya kwanza katika safari ile sikujali wanawaza nini. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba hawatanijibu.

"Hodi wenyewe. Ni baba yake Deodata."

"Karibu, bamwana!" Ilikuwa sauti ya mama Onesmo, na lango likafunguliwa kutoka ndani. Alikipokea kikapu kwa mikono miwili kana kwamba hajakiona kamwe, akapiga kigelegele kimoja kifupi. Melkiadi akanipa mkono. Tulisongewa ugali wa unga uleule na maharage yao, nikala mpaka nikaongeza. Togwa lilipoletwa, mwenyeji alionja, nikapokea, nikanywa kwenye kibuyu chao.

Kabla ya giza nilimpigia Deodata. Sikuweza kueleza vizuri. Nilimwambia tu kwamba niko kwa wakwe zake na nimeshiba. Akauliza, "Baba, umekula kwao?" Nikasema ndiyo. Akaanza kulia upya. Na habari ya ng'ombe tuliizungumza mimi na Melkiadi, kesho yake, tukabishana hasa, kwa sauti, mpaka mkewe akatoka jikoni kutazama. Nilihakikisha amenishinda.

Kurudi nilirudi kwa gari, goti lilikuwa limekataa. Begi la mwavuli lilikaa chini ya kiti, na mapajani nilipakata kikapu cha Anjelina, ambaye alikuwa ametangulia nyumbani. Melkiadi alikijaza maharage ya soya mpaka mfuniko ukagoma. Kilikuwa kizito kuliko vifaa vyangu vyote, na kila gari liliporuka shimo nilikishika kwa nguvu.

Wanaoniuliza habari za vifaa vya safari ndefu za miguu ninawaambia niliyojifunza. Nailoni badala ya hema, fimbo badala ya nguzo, chupa ya soda, makobazi: hayo yote ni sawa, na sitabadilisha hata moja. Mpini wa mswaki ukateni. Mpini wa kijiko uacheni. Na fundi wa Kikongo akiuliza mfuko wa zawadi aweke wapi, mwonyesheni mahali, hata kama utabaki mtupu mpaka mtakapompata wa kumpa. Nilimrudia nikamwomba aongeze wangu. Hakuniuliza kitu, ila alicheka kwa namna ambayo bado ninaishuku.

Lakini kabla ya Kasulu, nilishuka Busunzu. Anjelina alikuwa uani kwenye mihogo yake. Nilisimama langoni nikabisha hodi, nikampa kikapu kwa mikono miwili, nikamwambia kimetoka kwa kaka yake na kwangu. Alikipokea, akakipima kwa mkono, akakunja uso. Akaniomba kijiko.

Nilimpa kile kisicho na mpini. Alifunua mfuniko, akakizamisha kwenye maharage, akachokonoa katikati, akachokonoa pembeni, taratibu, mpaka chini, huku amenikazia macho.

"Natazama kama yana wadudu," akasema. Kisha akanionyesha mlango wa chumba cha wageni, nikaingia ndani na begi langu.